Sura ya Nne: Mti Ulipata Jina

Picha za kwanza za Nairobi zinafanana hadi zinachosha. Tambarare isiyo na mti, mahema meupe yamepangwa mstari, vibanda vya mabati, mabehewa yamesimama juu ya reli mpya, na mbele kabisa marundo ya mataruma ya chuma yakisubiri kupelekwa Limuru. Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa, kwenye kinamasi walichokijua Wamasai kwa maji yake baridi. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alitaka mahali pa kuegesha injini na kupumzisha watu kabla ya kupanda milima na kuteremka Bonde la Ufa, na hapa ndipo ardhi sawa ilipoishia. Hakuna aliyekuwa akiwazia mji mkuu. Kilichotakiwa kilikuwa karakana.

Ukizitazama picha hizo bila kujua zaidi, utaondoka ukiamini kwamba mji huu ulichipuka mahali pasipo na mtu. Vitabu vingi vya shule vilituachia imani hiyo hiyo, na nadhani picha ndizo zilizoitia nguvu kuliko maandishi. Mtu hubishana na maneno. Picha huiamini tu.

Basi tuulize kamera ilisimama wapi. Ilisimama bondeni, kwenye mali ya reli, ikitazama mali ya reli. Mwenye kamera alikuwa ameajiriwa kuonyesha kazi ilivyoendelea. Angeigeuza ile miguu mitatu kuelekea magharibi, kwenye migongo ya ardhi inayopanda kutoka Westlands ya leo kwenda Loresho na Kabete, angeiona Kenya nyingine kabisa: mashamba ya Wakikuyu yaliyokuwa yakilisha misafara ya pwani kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Misafara haikupita huko kwa ajili ya mandhari. Ilifuata viazi vitamu, maharagwe, mtama na mbuzi. Kwa sababu hiyo Frederick Lugard alijenga ngome Dagoretti mwaka 1890, na ilipoharibiwa, Eric Smith akajenga nyingine mwaka 1891, Fort Smith, ng'ambo ya Kabete. Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, alikamatwa katika ngome hiyo Agosti 1892 na kupelekwa pwani akiwa mfungwa, akafia Kibwezi njiani. Barabara kuu inayopita chini ya Loresho leo, yenye lori za Naivasha na matatu za Kangemi, ina jina lake.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kamera ilifika katika miaka mibaya kuliko yote. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe, mvua zikakosekana, na kuanzia 1898 hadi 1900 njaa na ndui vikafagia vijiji vya Wakikuyu na Wakamba. Walionusurika wengi walihamia kwa jamaa upande wa kaskazini, wakikusudia kurudi. Mashamba yakaota magugu. Mgeni aliyeshuka garimoshi miaka hiyo aliona ardhi nzuri isiyo na mkulima, akapiga picha, na picha ikawa ushahidi. Sheria ya Ardhi za Mfalme ilipotungwa mwaka 1902, mlowezi hakuhitaji kushawishiwa kwamba nchi ilikuwa tupu, kwa kuwa alikuwa ameiona kwa macho yake katika albamu. Waliorudi baada ya njaa walikuta mtu mwingine ameshapewa karatasi.

Waliopiga picha hizo walikuwa nani? Ufundi wenyewe ulitoka pwani. Unguja ilikuwa na studio tangu karne ya kumi na tisa, nyingi za Wagoa: A. C. Gomes na kina Coutinho ni majina ambayo mkusanyaji yeyote wa postikadi za kale anayajua. Kwenye reli alikuwapo William D. Young, aliyepiga picha za ujenzi kituo kwa kituo na baadaye akafungua studio yake, Dempster, mjini Nairobi. Nyingi ya picha tunazozijua za mji ule wa mabati zimepitia mikononi mwake au kwa watu wa namna yake. Walibeba kamera kubwa ya mbao na mabamba ya vioo, mizigo iliyobebwa na wapagazi ambao wao wenyewe mara chache huonekana. Bamba lilikuwa ghali, hivyo kila picha ilifikiriwa kabla ya kupigwa: jengo katikati, anga ya kutosha juu, na mtu mmoja au wawili wamesimamishwa mbele ili ukubwa wa jengo uonekane. Mtu huyo alikuwa rula. Hakuna anayeandika jina la rula.

Nimezoea sasa, nikipewa picha ya zamani ya mjini, kuanza kuisoma kutoka pembeni. Katikati huwa pameshaandikiwa maelezo.

Chukua Government Road, Moi Avenue ya leo. Katika picha za mwanzoni mwa karne maduka yamepangwa upande mmoja, mabati juu, baraza mbele, na barabara yenyewe ni vumbi au matope kulingana na mwezi. Ukisogea pembeni unaona vitu ambavyo mpigapicha hakuvikusudia: riksho imeegeshwa na mvutaji amechuchumaa kivulini, mkokoteni wa ng'ombe umezama hadi ekseli, mwanamke amebeba kuni mgongoni kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso. Yule mwanamke ametembea kutoka huko huko Kabete ambako kamera haikugeukia. Mji ule ulipika kwa kuni zake na kula mboga zake.

Upana wa Kenyatta Avenue nao husimuliwa sana: kwamba ilipimwa ili mkokoteni wenye msururu wa ng'ombe uweze kugeuka bila kurudi nyuma. Ukiona picha zake za zamani, ilipokuwa Sixth Avenue na baadaye Delamere Avenue, utakubali. Ni uwanja wa mpira uliorefushwa. Ubavuni imepandwa mikaratusi, mti aliohimiza sana John Ainsworth, mkuu wa jimbo aliyehamisha ofisi yake kutoka Machakos mwaka 1899. Kwa mikaratusi hiyo unaweza kukadiria mwaka wa picha hata kama hakuna aliyeuandika. Ikiwa inafika kiunoni mwa mtu, uko mwanzoni mwa karne. Ikiwa imepita paa, songa mbele miaka kumi au zaidi.

Bazaa ya Wahindi ina picha chache za mwanzo kuliko ilivyostahili, na sababu mojawapo ni moto. Tauni ilipozuka mwaka 1902, wakuu wa afya waliamuru bazaa yote ichomwe. Watu waliojenga reli, wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kwa mkataba, karibu 2,500 wakafa kazini, na 6,724 tu wakabaki baada ya mkataba, waliona maduka ya wenzao yakiteketea kwa amri. Wakajenga tena. A. M. Jeevanjee, aliyekuwa mwanakandarasi wa reli, akajenga soko, akatoa bustani kwa mji na kusimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria mwaka 1906. Bustani bado ina jina lake, nayo imeponea chupuchupu mara kadhaa wenye tamaa ya viwanja walipoitolea macho.

Mwaka huo huo wa 1906 ndipo lilipojengwa lile jengo la mawe la Benki ya Taifa ya India ambalo leo ni makao ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, penye mkusanyiko wa Joseph Murumbi chini na ngazi za mbele ambapo nusu ya Nairobi huahidiana kukutana. Ni mojawapo ya majengo machache ya katikati ya mji ambayo unaweza kushika picha ya kale mkononi, ukasimama barabarani, na vitu viwili vikapatana. Norfolk pia, hoteli iliyofunguliwa Krismasi ya 1904. Picha zake ni za baraza: viti vya nyasi, kofia ngumu, bunduki za safari, riksho kwenye foleni. Baraza hilo hilo lina siku nyingine isiyochapishwa kwenye postikadi. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika kituo cha polisi jirani ukitaka mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele, na polisi wakafyatua risasi. Husimuliwa tangu hapo kwamba walowezi waliokuwa barazani nao walijiunga kufyatua. Serikali ilihesabu maiti 21. Nyanjiru alikuwa mmojawapo.

Lalamiko moja la Thuku lilikuwa kipande, na kipande kinatupeleka kwenye jengo ninalolipenda na kulichukia kwa wakati mmoja. Liko Kenyatta Avenue, lina nguzo za mawe mbele, na lilikamilishwa mwaka 1913 na Gurdit Singh Nayar. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakukuwa na jengo refu zaidi mjini. Wapigapicha walilipenda: nguzo huchukua mwanga wa asubuhi vizuri, na mbele yake kuna nafasi. Katika picha nyingi pana watu wamesimama chini ya nguzo, wadogo, wamevaa blanketi au kanzu, na maelezo hutaja jengo tu.

Watu hao walikuwa na shughuli. Hapo ndipo wanaume walipokuja kuandikishwa, ndiyo maana hadi leo linaitwa Kipande House ingawa ni benki. Sheria ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi aandikishwe, apewe cheti, akivae shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Cheti kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Picha hakikuwa nayo. Serikali iliyowapiga watu hawa picha maelfu kwa maelfu, wakiwa wamesimama mbele ya majengo, mashamba na simba waliouawa, ilipohitaji kumjua mmoja wao ilimtaka kidole gumba. Kwa hiyo tuna marundo mawili ambayo hayakukutana kamwe: nyuso zisizo na majina katika albamu, na majina yasiyo na nyuso katika mafaili.

Hatua chache kutoka hapo kuna wanaume watatu wa shaba waliosimamishwa mwaka 1928, kumbukumbu ya Vita Kuu ya kwanza: askari wa King's African Rifles (KAR), mwanajeshi wa Kiarabu na mpagazi. Wapagazi ndio walikufa wengi, makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko risasi. Kariokor imepata jina kutokana na kikosi chao. Sanamu haitaji mtu. Picha za uzinduzi na za kila ukumbusho uliofuata hutaja gavana.

Upande wa mashariki picha zinapungua ghafla, na hilo lenyewe ni habari. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920 ili vijiji vya Waafrika vilivyokuwa vimejiotea, Mji wa Mombasa, Maskini na vinginevyo, viwekwe mahali pamoja. Pangani ilivumilia hadi ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo. Hii ilikuwa mitaa ya Waswahili kwa maana ya nyumba, lugha, msikiti na ngoma: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele, mpangaji kila chumba. Picha za maofisa huonyesha paa kutoka mbali, kwa sababu walichojali ni msongamano. Kutoka mbali huwezi kujua kwamba nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa za wanawake, walioweka akiba shilingi kwa shilingi wakajenga, wakapangisha, wakawa na mali mjini wakati ambapo sheria haikuwapa waume wao haki ya kununua hata kipande cha ardhi Parklands. Wanahistoria walilijua hilo kwa kuwahoji bibi wenyewe Majengo, huko Pumwani, katika miaka ya 1970. Kamera ilikuwa imepita pale nusu karne kabla bila kuuliza kitu.

Sasa turudi magharibi, kwenye mgongo ule wa ardhi uliokosa picha mwaka 1899. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walipanda mlima mwaka ule ule wa reli na kuanzisha misheni ya St Austin, na pamoja na katekisimu wakapanda kahawa. Miche ikasambaa kwa walowezi jirani. Kufikia miaka ya 1930 migongo ya Kabete, Loresho ikiwamo, ilikuwa kahawa mstari kwa mstari, yenye kiwanda cha kumenya buni mtoni na kambi ya wafanyakazi bondeni. Picha za mashamba ya aina hii zipo nyingi na zina sura moja: mwenye shamba amesimama na mbwa wake, kahawa inameta nyuma, na kando wachumaji, wanawake na watoto, wana vikapu viunoni. Maelezo huwa na jina la bwana, jina la shamba, wakati mwingine jina la mbwa. Wengine ni "wenyeji wakichuma".

Katika miaka hiyo watafiti wa Maabara ya Scott, hapo Kabete, walizunguka mashambani wakitafuta miti iliyozaa kupita mingine na kustahimili ukame. Katika shamba la Loresho waliupata mti mmoja. Ulikuwa umeandikiwa "Misheni ya Wafaransa", wakidhani asili yake ni mbegu ya wale mapadri. Wakachukua mbegu zake, wakazipanda, wakazipima, wakaupa uzao huo namba: SL34. Namba hiyo sasa iko kwenye mifuko ya kahawa ya bei kubwa Oslo na Tokyo, na mnywaji wa huko huenda akajua neno Loresho kabla hajajua Westlands. Mti mmoja ulipata jina, kibao, faili, na wasifu unaosomwa hadi leo.

Aliyeuchuma mti ule kila msimu hakupata hata kimoja, wala hakuruhusiwa kuupanda kwake. Waafrika wa maeneo haya walizuiwa kulima kahawa. Majaribio madogo yaliruhusiwa Kisii, Meru na Embu katikati ya miaka ya 1930, na Wakikuyu walio jirani na mashamba ya walowezi wakangoja hadi miaka ya 1950. Mchumaji alijua kwa vidole vyake mti upi una buni nzito, na bila shaka alilijua hilo kabla mtafiti hajafika na daftari.

Halafu kuna kichekesho. Juzi juzi wataalamu wamepima vinasaba vya SL34, wakakuta hauhusiani na ukoo ule wa Bourbon ambao mapadri wanasifiwa kuuleta. Uko karibu zaidi na ukoo mwingine, Typica. Kibao kilikosea. Hata kitu kimoja ambacho waandishi wa maelezo walijitahidi kukitaja kwa jina, walikitaja vibaya, na makosa yale yaligunduliwa kwa sababu tu mti una wazao wanaoweza kupimwa.

Wachumaji nao wana wazao. Wengi wako ng'ambo ya Waiyaki Way, Kangemi, na zaidi juu, Kabete na Gitaru. Shida ni kwamba picha haziko karibu nao. Mkusanyiko mkubwa wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, nje kidogo ya Chicago. Picha za Wizara ya Makoloni ziko Kew, London. Mwaka 2011 hifadhi ya Kew iliweka maelfu yake kwenye intaneti na kuomba umma usaidie kutambua watu na mahali, kitendo cha busara kilichochelewa: mtu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1930 alikuwa na mia na moja. Hapa nyumbani tuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, ambako bado unaweza kusimama mbele ya picha ukisikia honi ya garimoshi halisi ng'ambo ya ukuta. Tuna Hifadhi ya Nyaraka. Na tuna makabati ya sebuleni.

Kuhusu makabati nina la kusema. Kahawa ya Loresho ilipokatwa viwanja, waliojenga walikuwa kizazi cha kwanza cha Uhuru: wahadhiri, makatibu wa wizara, madaktari, wahasibu wa mashirika. Watu hawa walipiga picha. Albamu zao zina kurasa nyeusi na karatasi ya utando katikati, na ukizifungua unauona mtaa ukizaliwa upya: ua haujaota, lango la mbao, udongo mwekundu, na nyuma ya ukuta mistari ya mwisho ya mibuni ambayo hakuna aliyekusudia kuipiga. Nimekaa na wenyewe, wazee sasa, tukifunua ukurasa kwa ukurasa, na kumbukumbu zao ni za kushangaza. Sherehe ya ubatizo, nani alikuja, nani alikataa kuja. Peugeot 404 iliyoegeshwa pembeni: mwaka iliponunuliwa, namba yake kamili, aliyeiuza, na kwa nini aliijutia.

Karibu kila albamu ina mwanamke kijana aliyesimama ukingoni, amebeba mtoto, wakati mwingine amekatwa bega na fremu. Namwonyesha kwa kidole na kuuliza. "Ah, huyo alikuwa yaya," naambiwa, na ukurasa unafunuliwa. Nikiomba turudi, jina moja hupatikana baada ya mume na mke kubishana kidogo, jina la ubatizo tu. La baba yake hawalikumbuki. Kwao alikotoka, mmoja atasema Maragoli, mwingine atasema hapana, yule wa Maragoli alikuja baadaye.

Mtoto aliyebebwa kwa kawaida yuko Toronto au Dallas, na anaweza kupigiwa simu. Nimeshaomba wapigiwe. Wawili walilijua jina kamili, na mmoja wao alikuwa bado anamtumia fedha kila Desemba.